Wokovu kwa Imani: Habari za Ndugu wa Uamsho

Mwanafunzi wa historia huzoea kusoma habari za vita, mikataba, watawala na mipaka ya nchi. Mambo hayo yana haki ya kusomwa, kwa kuwa yamebadili maisha ya watu wengi. Lakini liko jambo jingine lililobadili maisha ya watu wa Afrika ya Mashariki bila ya jeshi wala bendera, nalo ni ujumbe. Ujumbe ninaotaka kuusimulia hapa ni ule wa dini ya Kikristo usemao kwamba mtu huokolewa kwa imani, wala si kwa mali yake, elimu yake, kabila lake, au wingi wa matendo yake mema. Sikusudii kuhubiri, maana hiyo si kazi ya insha ya historia. Nakusudia kueleza jinsi watu wa kawaida, wakulima, waalimu, dresa wa hospitali na mama wa nyumbani, walivyouchukua ujumbe huo kwa uzito, na gharama waliyoilipa kwa ajili yake siku walipotakiwa kula kiapo.

Ujumbe wenyewe ni wa zamani. Mtume Paulo aliueleza katika karne ya kwanza alipowaandikia barua Wakristo wa mji wa Rumi. Kwa ufupi, fundisho lake ni kwamba mwanadamu hawezi kujinunulia kibali cha Mungu. Kibali hicho ni zawadi, na mkono wa kukipokea ni imani. Karne nyingi zilipita, na katika mwaka wa 1517 mtawa mmoja wa Ujerumani, jina lake Martin Luther, mwalimu katika chuo kikuu cha Wittenberg, aliandika hoja 95 juu ya biashara ya vyeti vya msamaha. Vyeti hivyo viliuzwa kwa watu, na sehemu ya fedha zake ilikwenda kujenga kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma. Luther aliona kuwa maskini wanatozwa fedha kwa kitu ambacho Mungu hakiuzi, na katika miaka iliyofuata alilifanya fundisho la wokovu kwa imani kuwa nguzo ya mafundisho yake yote. Mabishano yale yaliligawa Kanisa la magharibi, na ilichukua muda mrefu hata yakapoa. Katika mwaka wa 1999, katika mji wa Augsburg, wajumbe wa Kanisa Katoliki na wa makanisa ya Kilutheri ulimwenguni walitia sahihi tamko la pamoja juu ya fundisho hilo.

Katika pwani yetu ujumbe huo uliletwa na Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kiingereza cha CMS. Alifika Mombasa katika mwaka wa 1844, na miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Johannes Rebmann walifungua kituo cha Rabai. Uganda ilipokea wamisionari wa kwanza wa CMS katika mwaka wa 1877, na mapadri Wakatoliki wakafuata katika mwaka wa 1879. Katika nchi ya Wakikuyu vituo vya misheni vilianza kuenea mwishoni mwa karne ile na mwanzoni mwa karne ya ishirini.

Sasa ni lazima tuangalie jambo moja kwa makini, kwa sababu habari yote inayofuata hutokana nalo. Mahali pengi dini iliingia ikiwa imeshikana mkono na shule. Aliyetaka kubatizwa alifundishwa kusoma kwanza, na aliyetaka kusoma hakuwa na mahali pengine pa kwenda ila misheni. Waganda waliwaita Wakristo wa kwanza "abasomi", na Wakikuyu waliwaita "athomi". Majina yote mawili maana yake ni wasomaji. Kwa muda mfupi kusoma na kuamini vilikuwa kama kitu kimoja. Aliyejua kusoma alipata jina jipya la ubatizo, akavaa nguo za kigeni, akaajiriwa kuwa karani au mwalimu, akapata mshahara. Hakuna ubaya katika kusoma wala katika mshahara. Lakini watoto wa wasomaji wa kwanza walipokua, wengi walikuta ubatizo umekuwa mlango wa kupitia kwenda kazini. Hivyo ujumbe uliosema kwamba wokovu haununuliwi ulikuwa, kwa desturi, umewekewa bei mpya, nayo ni elimu na heshima ya mjini. Luther alipambana na vyeti vya msamaha. Katika nchi zetu cheti cha ubatizo kilikuwa karibu kushika mahali pale pale.

Walioliona jambo hili wakasumbuka nalo hawakuwa maaskofu. Mmoja wao alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda aliyewahi kuitumikia serikali katika kazi ya afya. Mwingine alikuwa Joe Church, daktari Mwingereza aliyefika katika mwaka wa 1928 kwenye hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki ya Rwanda, kando ya ziwa Muhazi. Rwanda wakati huo ilitawaliwa na Wabelgiji. Daktari huyo alifika katika wakati wa njaa kuu, kazi ikawa nyingi kupita nguvu zake, hata akavunjika moyo. Katika mwezi wa Septemba, mwaka wa 1929, alikwenda Kampala kupumzika, na katika kilima cha Namirembe akakutana na Nsibambi. Wawili hao walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Wakati ule Mzungu na Mwafrika hawakuzoea kuketi hivyo wakiulizana hali ya mioyo yao kama watu walio sawa. Wengi wa waandishi wa habari za Uamsho huuhesabu mkutano ule kuwa chanzo chake.

Huko Gahini mambo hayakubadilika mara moja. Dresa mkuu wa hospitali, Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole, hakupatana na daktari wake, na kati ya wafanyakazi palikuwa na manung'uniko na wizi wa vitu vya hospitali. Kinuka alikwenda Kampala kumtembelea Nsibambi, akarudi akiwa mtu mwingine. Alitubu waziwazi, na baada ya hapo akawa mmoja wa viongozi. Mwishoni mwa mwaka wa 1933, katika mkutano wa maombi pale Gahini, watu walianza kusimama mmoja baada ya mwingine wakikiri makosa yao mbele ya wenzao. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, aliyekuwa mwalimu wa wainjilisti hapo Gahini, aliichukua habari hii kwa bidii kubwa. Katika mwezi wa Januari, 1936, alikwenda Uganda kuliambia baraza la Kanisa kwamba Kanisa limelala nalo yapasa liamke, lakini homa ikamwua kabla ya kusema neno lake. Kifo chake kiliupeleka ujumbe mbali kuliko sauti yake.

Watu hao walipewa majina mengi. Waganda waliwaita "Balokole", nasi katika Kiswahili tukapata neno walokole. Wakikuyu waliwaita "Ahonoki". Yote haya maana yake ni waliookoka. Wao wenyewe walipenda kuitana Ndugu, na nitawaita hivyo katika insha hii. Walikutana kila juma, wakasoma, wakaomba, na kila mmoja akasema wazi hali ya maisha yake. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni. Wimbo wao wa Kiganda uitwao "Tukutendereza" ulivuka mipaka ya lugha zote, hata Mjaluo, Mkikuyu na Mnyarwanda wakauimba pamoja bila ya mkalimani.

Yafaa tuone jinsi fundisho lilivyofanya kazi katika maisha yao. Kama mtu huokolewa kwa imani, basi hana sababu ya kuficha makosa yake ili aonekane mwema, kwa sababu wema wake sio unaomwokoa. Kwa hiyo Ndugu walikiri. Aliyeiba alirudisha alichoiba, na mwenye deni alikwenda kulilipa. Tena kama wokovu ni zawadi kwa kila aaminiye, basi Mzungu hana wokovu ulio bora kuliko wa Mwafrika, wala mchungaji hana ulio bora kuliko wa mpishi wake. Katika mikutano yao wamisionari waliomba msamaha kwa Waafrika kwa ajili ya kiburi chao, katika miaka ambayo sheria na desturi za kikoloni ziliwatenga watu kwa rangi. Wanawake nao walisimama wakashuhudia mbele ya wanaume. Fundisho lililoonekana kuwa la moyoni tu lilikuwa limegusa cheo, fedha na rangi.

Lakini mwandishi wa historia hapaswi kuwasifu watu kupita kipimo. Ndugu walikuwa na makosa yao. Wengine walijiona kuwa wao tu ndio Wakristo wa kweli, wakawahukumu wazee na wachungaji mbele ya watu. Katika mwaka wa 1941, chuo cha wachungaji cha Mukono, katika Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 wenye Uamsho, akiwamo William Nagenda, baada ya ugomvi juu ya mikutano yao ya alfajiri. Katika Nyanza ubishi juu ya Uamsho ulizaa mafarakano, na katika mwaka wa 1957 baadhi ya Wakristo walitoka katika Kanisa la Anglikana wakaanzisha kanisa lao. Mtu aweza kuamini kwamba wokovu ni zawadi, kisha akajivunia zawadi hiyo kana kwamba aliichuma kwa jasho lake. Hatari hiyo haikuwa mbali na Ndugu.

Katika Kenya, kundi la watu wa Uamsho kutoka Rwanda na Uganda lilizuru Kabete katika mwaka wa 1937. Walikuta nchi yenye majeraha. Ardhi nzuri ya milimani ilikuwa imetengwa kwa ajili ya walowezi Wazungu, na wenyeji wengi waliishi humo kama vibarua. Katika mwaka wa 1929 ugomvi mkubwa ulikuwa umetokea kati ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana. Maelfu ya watu walizikimbia shule za misheni, wakajenga shule zao wenyewe. Kwa wengi, dini ya Wazungu na serikali ya Wazungu vilikuwa pande mbili za sarafu moja. Katika hali hiyo Uamsho ulikua polepole. Katika mwaka wa 1949 mkutano mkubwa wa Uamsho ulifanyika Kabete, ukahudhuriwa na maelfu ya watu. Hivyo Uamsho ulikuwa umekwisha tia mizizi katika nchi ya Wakikuyu wakati ule ule ambao vuguvugu jingine lilikuwa likikua humo humo.

Vuguvugu hilo lilikuwa lile lililojulikana kwa jina la Mau Mau. Sababu zake zilikuwa za kweli: ardhi iliyochukuliwa, mishahara midogo, kipande ambacho mwanamume wa Kiafrika alilazimishwa kukichukua, na serikali isiyosikiliza maombi ya watu. Watu waliunganishwa kwa kiapo. Mwenye kula kiapo alipita chini ya tao lililofanywa kwa migomba, akaonja nyama na damu ya mbuzi, akaapa kutunza siri na kuipigania ardhi. Katika mwezi wa Agosti, 1950, serikali ilikipiga marufuku chama hicho, na tarehe 20 Oktoba, 1952, ikatangaza Hali ya Hatari. Wapiganaji waliingia katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, na serikali ikaleta majeshi kutoka Uingereza.

Kiapo katika mila za Wakikuyu hakikuwa mchezo. Ahadi ni deni, na ahadi iliyotiwa damu ni deni la maisha. Kwa sababu hiyo hasa Ndugu hawakuweza kukila kwa mdomo huku mioyo yao ikikikataa, kama wengine walivyowashauri wafanye ili waokoe maisha yao. Walieleza kwamba wao walikuwa wamekwisha ingia katika agano la damu, yaani damu ya Kristo, na kwamba agano hilo lilitosha. Kuongeza damu ya mbuzi juu yake kungekuwa kukiri kwamba halikutosha. Hapa ndipo fundisho la wokovu kwa imani, ambalo mwanafunzi darasani aweza kuliona kuwa ni maneno ya wanazuoni tu, lilipokuwa jambo la kufa na kupona. Ndugu waliokataa walipigwa, nyumba nyingine zikachomwa moto, na wengi wakauawa usiku, wanaume kwa wanawake.

Upande wa pili nao ulikuwa na madai yake. Serikali iliunda kikosi cha Homugadi, yaani walinzi wa vijiji waliopewa silaha kupigana na watu wa msituni. Ndugu waliokataa kiapo walidhaniwa kuwa watakuwa wa kwanza kuchukua bunduki. Wengi wao walikataa bunduki pia. Walisema kwamba hawawezi kumhubiria mtu upendo wa Mungu huku wamemwelekezea mtutu, na kwamba yule aliye msituni ni jirani yao, naye Kristo alimfia kama alivyowafia wao. Kwa hiyo maofisa na askari waliwashuku kwamba ni Mau Mau wa siri, wakati Mau Mau waliwashuku kwamba ni wapelelezi wa serikali. Wazee husema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini nyasi hazichagui mahali pa kusimama. Ndugu walichagua.

Yapasa tuseme pia kwamba si Wakristo wote waliofanya hivyo. Wakristo wengi walikula kiapo, wengine kwa hofu, wengine kwa moyo wao wote, kwa kuwa waliona kuwa kupigania ardhi ya baba zao si dhambi. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Nyandarua, alikuwa amesoma katika shule ya misheni ya Tumutumu. Wakristo wengine waliingia katika Homugadi, na baadhi yao walitenda ukatili. Kwa upande wa serikali, watu 1,090 walinyongwa kwa hukumu za mahakama katika miaka ile, na makumi ya maelfu waliwekwa kizuizini bila ya hukumu. Katika mwaka wa 1955 chama cha CMS kilitoa kijitabu cha kulalamikia ukatili wa watu wa serikali. Tarehe 3 Machi, 1959, wafungwa 11 walipigwa hata wakafa katika kambi ya Hola. Katika mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya wakati ule, ikakubali kuwalipa fidia watu 5,228.

Mfano wa jinsi mambo yalivyowachanganya watu ni habari ya Obadiah Kariuki. Alikuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana na mmoja wa viongozi wa Ndugu katika nchi ya Wakikuyu. Mkewe alikuwa binti wa Chifu Mkuu Koinange, na Jomo Kenyatta naye alikuwa ameoa binti mwingine wa Koinange. Hali ya Hatari ilipotangazwa, Kenyatta alikamatwa na kufungwa, na mzee Koinange naye akawekwa kizuizini. Hivyo Kariuki alikataa kiapo, naye huku ana jamaa zake katika mikono ya serikali. Katika mwaka wa 1955 yeye na Festo Olang' waliwekwa wakfu kuwa maaskofu wasaidizi, Waafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika Kanisa la Anglikana la Kenya.

Hapa lazima tupime hoja ya wale wanaowalaumu Ndugu. Wao husema: nchi ilikuwa imenyang'anywa, na watu hawa walikaa wakiimba na kutubu dhambi zao ndogo ndogo, wakawaachia wengine kazi ya kuikomboa. Husema tena kwamba uhuru wa tarehe 12 Desemba, 1963, ambao Ndugu waliufurahia pamoja na wote, ulinunuliwa kwa damu ya wengine. Hoja hii ina uzito, wala haifai kuikwepa. Ni kweli kwamba Ndugu walisema mengi juu ya dhambi ya mtu mmoja mmoja, wakasema machache juu ya dhambi ya sheria iliyoichukua ardhi. Mtu aliyefukuzwa katika shamba la babu yake alistahili kusikia neno juu ya shamba hilo pia.

Lakini wale wanaoendelea mbele wakasema kwamba Ndugu walikuwa vibaraka wa wakoloni wanakosea, na ushahidi ulio wazi unatokana na mambo yaliyotokea baada ya uhuru. Katika mwaka wa 1969, baada ya Tom Mboya kuuawa mjini Nairobi tarehe 5 Julai, viapo vilianza tena. Safari hii walioapishwa walitakiwa kuapa kwamba utawala hautatoka mikononi mwa watu wao. Serikali haikuwa ya Wazungu tena, bali ya Waafrika, na waliokuwa na nguvu walikiunga mkono kiapo hicho. Wakristo wengi wenye Uamsho walikikataa kama walivyokikataa kile cha kwanza. Walipigwa, na mzee mmoja wa Kanisa la Presbyterian alikufa kwa kipigo hicho. Viongozi wa makanisa walipaza sauti, na viapo vikakoma. Kama kukataa kwao kwa kwanza kulikuwa kwa ajili ya kuwapendeza Waingereza, kukataa huku kwa pili kulikuwa kwa ajili ya kumpendeza nani? Jibu ni kwamba sababu ilikuwa moja mara zote mbili. Mtu aliyeamini kwamba yeye ni wa Mungu kwa zawadi hakukubali mwanadamu mwingine ajitwalie roho yake kwa kiapo, awe mgeni au awe ndugu yake.

Katika nchi jirani sababu hiyo hiyo ilidai gharama hiyo hiyo. Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mnamo mwaka wa 1948, alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda wakati wa utawala wa Idi Amin. Yeye na maaskofu wenzake waliandika barua kupinga mauaji, naye akauawa tarehe 16 Februari, 1977. Katika Rwanda, mchungaji Yona Kanamuzeyi, aliyewatunza wakimbizi katika nchi ya Bugesera, aliuawa katika mwezi wa Januari, 1964.

Hata hivyo historia haituruhusu kumaliza kwa sifa tupu. Rwanda, chimbuko la Uamsho, ndiyo nchi ambamo katika mwaka wa 1994 mamia ya maelfu ya Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji, waliuawa kwa muda wa siku mia moja tu. Wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa. Katika Bugesera ile ile ya Yona Kanamuzeyi, maelfu waliuawa ndani ya kanisa la Nyamata walikokimbilia, na jengo hilo sasa ni mahali pa ukumbusho. Wako Wakristo waliokufa kwa kuwaficha jirani zao, lakini wako pia viongozi wa dini waliowasaliti watu wao. Jambo hili latuonyesha kwamba ujumbe haurithiwi kama shamba. Baba aweza kuamini kwa gharama ya maisha yake, na mjukuu akabaki na jina la ubatizo tu, kama ilivyotokea kwa watoto wa wale wasomaji wa kwanza.

Katika mji wa Murang'a liko kanisa kuu lililowekwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa katika miaka ya Hali ya Hatari. Ukutani humo mna picha tano kubwa zilizochorwa na Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu katika Tanganyika na kusoma Makerere. Zinaonyesha habari za Kristo tangu kuzaliwa hata kusulubiwa, na Kristo mwenyewe ni Mwafrika, katika nchi ya vilima na migomba kama ile inayoonekana kutoka mlangoni mwa kanisa. Picha hizo zilikamilika katika mwaka wa 1959, wakati Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa. Mwanafunzi atakayepata nafasi ya kufika huko na aingie azitazame.

Basi historia ya Ndugu yatufundisha nini? Yatufundisha kwanza kwamba fundisho la dini halipimwi kwa ufasaha wa maneno yanayolieleza, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Hupimwa siku mtu anapoambiwa achague kati ya fundisho lake na usalama wake. Yatufundisha tena kuwahukumu watu wa zamani kwa uadilifu. Waliokwenda msituni walikuwa na madai ya haki, na waliokataa kiapo walikuwa na dhamiri ya kweli, na si lazima tuwachafue hawa ili tuwaheshimu wale. Msomaji aweza kuwa Mkristo au Mwislamu, au mtu asiye na dini yoyote, na aweza kulikubali au kulikataa fundisho la wokovu kwa imani. Lakini hawezi kuielewa vema Kenya ya miaka ile pasipo kuwakumbuka watu ambao, walipokatazwa na pande mbili kusimama katikati, walisimama hapo hapo, bila ya silaha.